Tulishamlilia

Tangu watu waanze kuijua siku yao ya kufa, matanga huwekwa mapema, ili mwenye kufa naye asikie anavyoliliwa. Akishazikwa, basi; kulia tena ni kukosa adabu.

Matanga ya Bi Siwema yalifana. Mwenyewe alikaa mkekani katikati ya wanawake, akala pilau, akalalamika kwamba iliki imezidi. Majirani walilia mpaka sauti zikawakauka. Bintiye, Chausiku, hakupata nafasi; alikuwa jikoni akipakua na kuosha masinia. Tena angemliliaje mtu anayemwita kila mara, "We Chausiku, niletee ukoko!"

Bi Siwema alizikwa Alhamisi, siku yake ileile. Jioni Chausiku alirudi nyumbani peke yake, akapika wali. Alipokwisha kupakua, akajikuta anakwangua ukoko na kuuweka kwenye kibakuli cha mama yake. Hapo ndipo kilio kilipomtoka.

"Hodi!" Alikuwa Mama Shaibu, jirani wa ukuta mmoja, ambaye siku ile ya matanga alilia mpaka akazimia.

"Mwanangu, si tulishalia?" alimuuliza kwa upole. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nawapakulia nyinyi."

Mama Shaibu alikitazama kile kibakuli, kisha akauvuta mlango nyuma yake.

"Basi uma kanga, mwanangu," alinong'ona. "Mzee wangu anakusikia huko chumbani, na siku yake ni keshokutwa. Tulishamlilia. Anaamini tumemaliza."