Tufaha la Bibi Odessa

Jioni ya Halloween, sikukuu ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, Bibi Odessa alimpa msichana mdogo aliyevikwa mavazi ya mchawi tufaha lililochomekwa kijiti, alilolichovya katika sukari iliyoyeyushwa. Sukari ilikuwa ingali vuguvugu, ikinata vidoleni mwa mtoto.

Mama yake alimpokonya, akalitupa katika pipa la taka.

"Tunachukua peremende za dukani tu, bibi. Siku hizi hujui nani kaweka nini."

"Jamani, mwanangu! Si ulikula ya kwangu hapahapa ukiwa mdogo, mpaka ukalamba kijiti?"

"Zamani hiyo. Usalama kwanza."

Mtoto akajificha nyuma ya mamaye. "Mama, kumbe huyu ndiye mchawi wa kweli?"

Mama hakusema hapana. Alimvuta mkono, wakaondoka.

Bibi Odessa akaizima taa ya barazani, ishara kwamba hapokei tena watoto, ilhali watoto wengine walikwisha kuanza kupanda ngazi.