Maji ya Kumkanda Somoe

Meli ya gesi ikitia nanga, majiko yote ya kijiji cha Mkwichi yanazimika. Ndiyo sheria siku hizi: gesi ishibishe meli kwanza, wenyeji baadaye, na ukiwasha kuni unafungwa. Sasa binti wa Bi Esha, Somoe, kajifungua jana, na maji ya kumkanda hayajapata hata uvuguvugu, jiko likazimika, likaongea kwa sauti ya kike: "Tunashukuru kwa uvumilivu wenu."

"Nani kakwambia nimevumilia?" Bi Esha akalifokea. Akajitwika sufuria lake la maji, huyo, mpaka kwenye uzio wa kiwanda cha gesi, ambako mwali mkubwa unawaka juu ya bomba usiku na mchana.

"Bibi, wapi na sufuria?" mlinzi akamuuliza.

"Kuchemsha maji. Moto ule unampikia nani?"

"Ule si wa kupikia, bibi yangu. Unachoma mabaki tu."

"Basi nipe hayo mabaki! Mzazi kukandwa kwa maji ya baridi, umesikia wapi?"

Mlinzi akachezea kufuli la geti. Mkewe naye alikuwa mjamzito wa miezi tisa, na meli nyingine ilishaonekana kwa mbali.