Mguu wa Hasira

Sheria ilisema dereva akikanyaga mafuta kwa hasira, gari lake limshtaki, naye akae mbali na wanawe siku thelathini. Siku ya kumi na tisa tangu mumewe, Bakuza, ashtakiwe na gari lake, Mwajabu alilipeleka gari hilo kwa fundi Chiku. Chiku aliwasha injini, akaipima sensa, kifaa kinachohisi nguvu ya mguu kwenye pedali ya mafuta, bila mtu kuikanyaga.

"Dada, ona mwenyewe! Inasema kuna mtu anakanyaga kwa nguvu. Sensa ndiyo mbovu, shemeji hana kosa."

Mwajabu alilia kwa furaha. Jioni ileile, mashtaka yakiwa yamefutwa, Bakuza alirudi nyumbani, watoto wakamrukia shingoni. Mwajabu akampakulia wali, moyo umemtulia, ila hakuthubutu kumwambia kwamba siku zote hizo yeye aliliamini gari.