Sahani Tupu ya Mwanakombo

"Sahani tupu, Mwanakombo! Mtu mzima unanifunikia hewa kwa kawa?"

"Chausiku shoga, wallahi ilijaa mkate wa kumimina. Nimeupika mwenyewe!"

Mimi niliacha chungu motoni nikatoka kusikiliza, maana mtaani kwetu kila mtu anaijua kanuni ya msururu. Kitu kilichotoka nyumba ya kwanza hukaa salama nyumba ya pili, lakini kikivuka kizingiti cha nyumba ya tatu, hakipo tena. Wala hakuna kingine kinachopotea pale.

Chausiku anakaa nyumba ya tatu, Mwanakombo ya pili. Akafunua kawa tena, akanusa.

"Ungekuwa umeupika wewe," akasema polepole, "si ningeuona?"

Mwanakombo akainamisha macho. Sote tukageuka kuitazama nyumba ya kwanza, anakokaa Mishi, mdogo wake Chausiku. Hawajasemeshana tangu matanga ya mama yao.

"Kumbe kanipikia."

"Alinikataza nisimtaje, nami kanuni ikanitoka kichwani." Mwanakombo akaufungua mlango wake wa nyumba ya pili. "Mwingine uko mezani kwangu, na mpishi mwenyewe yumo ndani anakungoja."

Chausiku akavua kiatu kimoja, akasita.

"Nikisharudi kwangu, huo mkate utabaki tumboni? Na atakayoniambia, nitayakumbuka?"

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kujaribu.

"Vua na hicho cha pili," Mwanakombo akasema. "Ingia ule."