Somo la Mistari Miwili

"Hakuna kucheka," Daktari Nduta aliwaonya wanafunzi wake. "Atakayecheka nitamnyang'anya zamu yake ya kitabu."

Maana kitabu cha saikolojia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, na kurasa za somo la kumbukumbu zilishang'olewa, wala hakuna aliyekumbuka ni nani aling'oa. Ndiyo sababu mwaka huo wa themanini na nane Nduta alimngoja Profesa Birgit wa Denmark kama mkulima wa Burnt Forest anavyongoja mvua. Somo la leo likienda sawa, chuo chao na cha Birgit vingeshirikiana: vitabu, walimu wa kubadilishana, mambo yote. Likiharibika, Birgit angepanda ndege na kalamu yake mfukoni.

Somo lenyewe lilikuwa la utundu. Kwao Denmark, Birgit huchora ubaoni mistari miwili, mrefu na mfupi. Wanafunzi waliopangwa wadanganye husema ule mfupi ndio mrefu, kisha mtu asiyejua njama huulizwa mwisho. Maskini, kwa kuogopa kubaki peke yake, naye hufuata wengi.

Hapa Eldoret chaki ilikuwa imeisha.

"Tutumie watu," Nduta alisema, na Birgit akalipenda wazo hilo mpaka chai yake ikapoa.

Basi wanafunzi wakajipanga mistari miwili kwenye nyasi. Nyuma ya mwenzao Apiyo walisimama wengi, hadi wa mwisho akachomwa na ua wa michongoma. Nyuma ya Kibet, ambaye baba yake alikuwa na jumba na magari kule Elgon View, walisimama wawili tu, mmoja akijikuna. Waongo wachache walikaa kando, tayari.

Asiyejua alipatikana getini: Mzee Kiprotich wa Kaptagat, aliyekuja kumletea binti yake maziwa. Hakuambiwa lolote. Alivua kofia, akatembea polepole kando ya mistari, mikono nyuma, akimsogeza huyu na kumnyoosha yule.

Alipofika kwa Kibet akasimama. "Huyu wa mbele ni mtoto wa nani?"

Akaambiwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata haja yake.

Waongo wakaulizwa mmoja mmoja. Wote, macho makavu, wakasema mstari wa Kibet ndio mrefu.

"Na wewe, Mzee?"

"Wa Kibet," alisema Mzee. "Tena kwa mbali sana."

Birgit nusura acheze ngoma. Akatoa mkataba, akatoa kalamu, akainama kuandika jina. Kisha akasita. "Muulize kwanza. Ni hawa vijana waliomshinikiza?"

Nduta akatafsiri.

Mzee alichukia kidogo. "Watoto hawa? Wanishinikize mimi? Mwalimu, jibu nilikuwa nalo kabla hawajafungua mdomo. Uchaguzi wa juzi, watu wakijipanga nyuma ya wagombea, si mimi nilikuwa karani wa kuhesabu? Mstari wa mwenye magari tuliambiwa ndio mrefu, hata ukiwa na watu wawili."

"Anasemaje?" Birgit aliuliza.

"Weka sahihi, Profesa," alisema Nduta. "Anasema shinikizo lilikuwa kubwa."