Patasi Ndani ya Eda

Msellem aliupiga mlango kwa ngumi mpaka nakshi zikamchuna vidole. "Fungua! Fungua, nasema, kabla sijauvunja!"

Ndani, patasi ikanyamaza.

Hakuambiwa na mtu, aliisikia kwa masikio yake. Alikuja Mgogoni na mama yake kutoka Wambaa, jua la alasiri likiwachoma, wawajulie hali mayatima. Hata uwanjani hawajafika: ko, ko, ko. Nyundo na patasi, ndani ya nyumba ya marehemu kaka yake, na mjane yumo edani! Mwanamume gani huyo asiye na haya, anachezea vyombo vya Fundi Ame na kaburi lake halijaota hata jani?

"Shemegi," sauti ya Mwanapili ikatoka ndani, kavu. "Nina eda. Huingii."

"Ninayo habari ya eda yako! Mtoe huyo bwana uliyemficha, ama sivyo leo hii watoto na vyombo vyote vinakwenda Wambaa. Hubakishiwi hata msumari!"

"Taratibu, mwanangu," Bi Bimkubwa alimvuta kanzu. "Majirani watasikia."

"Na wasikie!"

Walikwisha kusikia. Mzee Kificho wa nyumba ya pili alikuwa ameshafika, anatikisa kichwa. "Hata sisi tunaisikia kila siku hiyo nyundo. Tumeona haya kusema."

Hapo hasira ikampanda Msellem mpaka utosini. Maana Ame hakuwa mtu wa kufanyiwa haya! Nani Pemba nzima hakuijua milango yake? Tayabali, mwenye duka Chake Chake, alikataa mafundi wengine wote. Alisema bora duka lake likae na mlango wa makuti mpaka Ame apate nafasi. Na nyumbani kwake, jamani! Wanaume wenziwe wakishinda barazani kwenye bao, Ame hatoki. Yeye mchota maji, yeye mpika uji, yeye mwenye kumbeba kitinda mimba mgongoni kwa kanga ya mama yake. Watu wakimcheka, naye akicheka nao.

Mke je? Kama malkia! Hata kwenye harusi hakupaka hina viganjani, na akikusalimu, mkono ameuviringa ndani ya kanga, utadhani ana pete za sultani. Jambo hilo lilimkera Bi Bimkubwa miaka yote. "Mwanangu kaoa pambo," alikuwa akisema.

Kazi yake Ame aliifanyia ukumbini, komeo limetiwa, hata nduguye wa damu haruhusiwi kutazama. Jicho, alikuwa akisema. Nakshi ikiangukiwa na jicho baya, ubao hupasuka. Na kweli Mungu alimjaalia. Kabla ya kuoa hakujua kuchonga hata mwiko. Akaoa binti wa fundi wa Pujini, ufundi ukamshukia. Watu wakasema ndoa ina baraka zake.

Hata maiti yake ilikuwa na ajabu. Msellem ndiye aliyemwosha, machozi yakichanganyika na maji ya josho. Viganja vya kaka yake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Aliwaonyesha waoshaji wenziwe, na siku ya hitima shehe akalitaja mbele ya watu: huyu alikuwa mja mwema, Mungu kamhifadhi mikono yake. Msikiti mzima ulilia.

Na leo mkewe anaingiza mwanamume!

Akarudi nyuma, akaupiga mlango kwa bega. Komeo likalia. Bi Bimkubwa akajitia kati.

"Ebo! Mwanamke yumo edani, nawe unataka kumvamia? Una wazimu? Naingia mimi."

Mlango ukafunguliwa kidogo, mama akapenya. Msellem alimpeleka Mzee Kificho akasimame upande wa uani, asije mtu akachopoka huko. Yeye akaokota gongo, akabaki pale pale akihema. Alimsikia mama yake akisukuma kitanda, akifungua makasha, akifoka, "Toka, mwanaharamu!" Msellem akatega sikio mlangoni.

"Mama! Umemwona?"

Bi Bimkubwa akatokeza kichwa. Uso ulikuwa umembadilika. "Hamna mwanamume."

"Na nyundo tuliyoisikia?"

"Mlango wa Tayabali umo humu. Ule ambao Ame kafa haujafika nusu." Akageuka kuutazama tena. "Umekwisha, Msellem. Maua yale yale. Mkono ule ule."

"Mkono ule ule vipi? Ame yuko kaburini!" Alipiga gongo chini, vumbi likatimka. "Nani kaumaliza? Nitajieni huyo mwizi wa kazi ya kaka yangu! Wallahi nitamkata mikono!"

Pazia la ukumbini likasogea. Mwanapili hakutoa uso. Alitoa mikono tu, mitupu, bila kanga, viganja juu. Unga wa manjano wa mbao ya mfenesi ulikuwa umejaa kwenye mistari yake, na chini ya kila kidole palikuwa na sugu, nene, kongwe, kama kisigino cha mkwezi wa karafuu.

"Haya, ikate," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira aliyoimeza tangu usichana wake. "Lakini kwanza nijibu, shemegi. Nduguyo ulimwosha mwenyewe. Viganja vyake vilikuwaje?"