Sekunde Mbili

Kila asubuhi mwanamume ambaye Mwanakheri hakumjua aliita redioni: “Kuna mtu?”

Kila asubuhi alijibu, “Nipo,” akachelewa. Redio ya mwanamume huyo ilisubiri jibu sekunde mbili tu, kisha ikahama masafa. Ya Mwanakheri ilikuwa ya kompyuta, yenye madaha: iliisafisha kwanza kila sauti iliyoingia na kutoka, na usafishaji huo ulikula sekunde tatu.

Leo aliuzima usafishaji wote. Sauti ya yule mwanamume ikaja inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Akabonyeza kitufe.

“Nipo!”

Kisha yule mwanamume akauliza, taratibu, “Siku zote hizi ulikuwepo?”

Kidole cha Mwanakheri kilikuwa bado juu ya kitufe. Sekunde ya kwanza kati ya zile mbili ikapita.